Jina Lililoimbwa Jumamosi

Mkumbi,
19 Agosti 2024

Mama Joakim,

Mpe mama yako shikamoo yangu. Wewe nitakusalimu nikishajibiwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtu humu ndani, na wajukuu wanasoma ujumbe kabla yangu. Barua anayo Asteria, huyu anayepandisha usipa, dagaa wenu wa ziwani, hadi soko la Mbinga. Nimeibandika kwa uji wa muhogo na nimetia sahihi juu ya mfuniko. Ukikuta imefunguliwa, uniambie.

Jana baada ya misa Jacqueline aliniletea zawadi. Alipita kwa Pankras, yule mwenye kibanda cha nyimbo pale stendi ya Mbinga, akakuta amepata kaseti ya zamani ya Ruhekei Jazz wakipiga Mbamba Bay mwaka tisini na nane, ameihamishia kwenye flashi. Mtoto akakumbuka hadithi yangu. Wewe unaijua, maana ulikuwa umesimama pembeni yangu. Ni ile siku jenereta lilipozimika katikati ya wimbo, watu tukaendelea kuimba bila magitaa, na Nicholaus mwimbaji akanyanyua kikapu kilichofunikwa kitenge cha njano, akaimba kwa mdomo mtupu: Urbani wa Mkumbi na Vitalia wake. Hadithi hiyo nimewasimulia wanangu tangu hawajajua kusoma. Mume wangu alimtuza mwimbaji kikapu cha kahawa ili mimi niimbwe mbele ya watu wa ziwani. Wanawake wengine wamejengewa nyumba za tofali, wengine wamenunuliwa cherehani. Mimi nilikuwa na hiyo.

Basi tulikaa uani, watoto, wajukuu na shemeji zangu wawili waliokuja kupanga misa ya miaka mitatu ya marehemu. Jacqueline akawasha spika. Lidia, kanda ile ni kitu cha ajabu. Sauti nyembamba, Nicholaus anaimba kama mwenye mafua, na kuna mtu anakohoa karibu na kinasa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo niliodhani ulichukua nusu saa uliisha kabla sijakaa sawa kwenye kiti. Nikajisemea, ndivyo kanda zilivyo. Wimbo wa tatu majina yakaanza kutajwa. Nikawaambia watoto nyamazeni.

"Urbani wa Mkumbi na Lidia wa Mbamba Bay." Mara mbili. Mara ya pili aliivuta sauti.

Shemeji mkubwa akaangalia viatu vyake. Mjukuu ndiye aliyeuliza: "Bibi, Lidia ni nani?"

Nami nakuuliza wewe. Misa ni tarehe kumi na nne Septemba na fundi ameshaanza kujengea kaburi. Aliniuliza kama aache nafasi ya pili ubavuni, kwa ajili yangu siku yangu ikifika. Nilikuwa nimeshamwambia ndiyo. Leo asubuhi nimemwambia asubiri.

Ni mimi,
Vitalia

*

Mbamba Bay,
23 Agosti 2024

Mpendwa Vitalia,

Salamu umeninyima lakini mimi nakupa zangu zote, na mama amepokea shikamoo yako akacheka, akauliza kama magoti yako bado yanakusumbua kwenye vile vilima vyenu. Bahasha ilifika nzima. Asteria aliibeba kifuani kama hati ya shamba.

Nimesoma barua yako mara tatu, nikasikitika. Umri wetu huu, na mzee hayupo, unakaa uani unajitesa kwa kaseti? Kaseti ya miaka ishirini na sita imeshavutika, imeota ukungu. Na hao vijana wa vibanda unajua kazi yao, wanachukua wimbo wa huku wanaunga na wa kule, mradi ujae. Halafu Mbamba Bay ina akina Lidia wangapi? Kwenye jumuiya yetu peke yake tuko watatu.

Mimi nakumbuka kama unavyokumbuka wewe. Jenereta lilizimika. Kitenge kilikuwa cha njano. Nicholaus alisema Vitalia wake, na wewe ukamshika Urbani mkono mbele za watu, jambo ambalo Wamatengo hamlifanyi, na watu wa huku wakapiga vigelegele. Nilikuwepo na wewe ulikuwepo. Sasa kati ya watu wawili waliokuwepo na kipande cha plastiki, unaamini nani?

Mwambie fundi aendelee na kazi. Usimsimamishe kwa ajili ya jambo kama hili.

Nimempa Asteria usipa wa kukutosha wiki nzima. Ni wa juzi, umekauka vizuri.

Rafiki yako wa siku zote,
Lidia

*

Mkumbi,
27 Agosti 2024

Mama Joakim,

Usipa wako nimewagawia majirani.

Ulipoandika kwamba Pankras anaunga nyimbo, nilipanda gari Jumamosi nikaenda kumuuliza. Ni kijana mwenye adabu. Ameapa hajaunga kitu. Alichofanya ni kukata. Bendi inapopumzika kati ya wimbo na wimbo na mwimbaji anaongea na watu, yeye huwa anayaondoa yale maongezi yote, kwa sababu wateja wanataka nyimbo, hawataki porojo. Kwa hiyo Nicholaus alisema kitu kabla ya wimbo ule, na mimi sijakisikia. Kaseti yenyewe anayo, ila redio yake ya kaseti imekatika mkanda wa kuzungushia na amemwagiza mtu Songea amletee mwingine.

Akanionyesha jalada. Aliyerekodi ameandika kwa kalamu ya bluu: Jumamosi, 5/9/98, alasiri.

Hapo nikaketi kwenye benchi la pale stendi, Lidia. Mimi nilishuka Jumapili. Jacqueline alikuwa na homa, nikabaki naye hadi ilipopoa, nikaja na gari la wanakwaya baada ya misa ya kwanza. Kwenye kanda hii jenereta linanguruma mwanzo mpaka mwisho, halizimiki hata mara moja. Ni siku mbili tofauti. Nimeimbwa Jumapili, na wewe umeimbwa Jumamosi.

Na Urbani alishuka Jumamosi asubuhi. Aliniambia anapitiliza Liuli kutazama mbao za mninga. Mimi nikamfungia viazi vya njiani.

Wewe ulijua. Ndiyo maana umeniandikia habari za ukungu na akina Lidia watatu, na hukuuliza hata mara moja kanda ni ya siku gani. Mtu asiye na kitu cha kuficha angeuliza. Miaka ishirini na sita hujawahi kunitajia kwamba ulikwenda Jumamosi.

Sasa kichwa changu hakilali. Nakumbuka vitu nilivyokuwa nimevisahau. Joakim alizaliwa mwaka uliofuata. Tulipokuja kumwona, Urbani alikubali kuwa baba yake wa ubatizo kabla hujamaliza kuomba. Joakim anatumia mkono wa kushoto. Urbani alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Jana nimetoa picha ya kipaimara ya mwanao, nimeiweka mezani karibu na ya marehemu, nikaziangalia hadi mboga ikaungua.

Fundi nimemwambia amwage zege la mtu mmoja. Atamwaga tarehe tisa, saruji ikifika.

Vitalia

*

Mbamba Bay,
30 Agosti 2024

Vitalia,

Mengine yote ningeyavumilia, lakini juu ya mtoto umevuka mpaka, na nitakujibu hilo tu.

Joakim amezaliwa Aprili. Hesabu kwa vidole, ukianza Septemba hufiki. Siku bendi ilipokuja nilikuwa na mimba ya miezi miwili, ya Aloyce, na watu waliojua ni watatu: Aloyce, mama, na wewe. Nilikutafuta wewe kabla ya padre. Novemba tulipofunga ndoa gauni langu lilikuwa limelegezwa pande zote mbili, na aliyelilegeza ni wewe, kwa mkono, umekaa kwenye kitanda cha mama yangu na pini mdomoni. Leo unaweka picha mezani?

Mkono wa kushoto ni wa mama yangu. Umekula ugali wake mara ngapi, hujawahi kuona anasonga kwa mkono gani?

Aloyce amezikwa mwaka wa tisa huu. Masikio ya Joakim ni yake, na ulimi ni wangu. Urbani alimpa jina la ubatizo na mbuzi mmoja, basi.

Lidia

*

Mkumbi,
2 Septemba 2024

Lidia,

La mtoto unisamehe. Gauni nalikumbuka. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na hilo linaniogopesha kuliko kanda, maana kama nimesahau gauni nililolishona mwenyewe, sijui nimeweka nini mahali pake. Mwambie Joakim nimemsalimu, usimwambie kwa nini.

Lakini la mtoto umelijibu kurasa nzima, na la wimbo umelipita pembeni.

Mkanda wa redio umefika. Pankras amesema Jumamosi hii, tarehe saba, atanichezea kaseti yenyewe, pamoja na maongezi. Bado una nafasi ya kuniambia wewe kabla Nicholaus hajaniambia.

Vitalia

*

Mbamba Bay,
4 Septemba 2024

Vitalia,

Nimekaa tangu asubuhi na karatasi hii. Mama ameniuliza kama naandika wosia.

Aliyetuza Jumamosi ni mimi.

Urbani hakuwepo. Alikwenda Liuli kweli, na zile mbao ziko juu ya kichwa chako, tazama dari. Alirudi jioni bendi imeshafungasha, amechoka, akala kwa kaka yangu akalala. Hakusikia kitu na hakuna aliyemwambia. Watu wa huku walidhani Urbani wa Mkumbi ni mchumba wangu, hawakujua hata Aloyce anaitwa nani, kwa sababu wakati ule alikuwa anafanya kazi bandarini Itungi.

Nitakueleza yote na wewe utaamua. Kabla hujamjua Urbani nilimjua mimi, Kigonsera, nilipokuwa nafanya kazi jikoni kwa masista na yeye alikuwa analeta mahindi. Hatukuwa na kitu. Alikuwa ananisalimia, ananiambia habari za mvua, na mimi nilikuwa nahesabu siku hadi gunia lingine. Halafu ukaja wewe kunitembelea, ukakaa siku nne, na siku ya pili nikaona anavyokutazama. Sikukulaumu. Hukujua, na sikukwambia, na baadaye nikawa na Aloyce ambaye alikuwa mtu mwema kwangu, Mungu amrehemu.

Jumamosi ile nilikuwa na mimba, harusi imeshapangwa. Nikaona watu wanatuza, huyu anapeleka hiki, yule kile, na Nicholaus anawaimba wawili wawili. Kila mtu anaimbwa na wake. Nikataka nisikie mara moja tu majina yale yakikaa pamoja, halafu nikaolewe. Nilikwenda nyumbani mbio, nikajaza kikapu usipa, nikampelekea. Nikamwambia mwenyewe hayupo na hatajua kamwe. Aliimba. Watu walikaa kimya, nikaona kama wote wananitazama, na aibu ikanishika hadi leo. Sikuona kama kuna mtu amekaa na redio anarekodi. Laiti ningemwona.

Sasa sikiliza la Jumapili, maana hili ndilo nililokuwa nalificha kweli. La Jumamosi ni langu, ningeweza kukuachia ulichukie. La Jumapili ni lako.

Ulifika na gari la wanakwaya, umechoka, unanuka dawa ya mtoto, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kunikumbatia ukaniuliza kama natapika bado. Nilitamani ardhi inifunike. Nikarudi nyumbani nikajaza kikapu tena. Nikampelekea Nicholaus kabla bendi haijapanda jukwaani, nikamwambia jana nilikosea jina, leo sema Vitalia wake. Hakikuwa kikapu cha kahawa. Kilikuwa cha usipa, na nilikifunika kitenge ili usijue kimetoka ziwani. Kitenge kilikuwa changu. Ndicho nilichombebea Joakim mgongoni, na wewe umembeba nacho pia, ulipokuja kumwona, ukasema rangi hii nimeiona wapi.

Urbani hakutuza kitu. Jina lilipotajwa alishangaa, akanitafuta kwa macho, akaelewa kuwa ni mimi. Alidhani ni zawadi yangu kwenu wawili. Wewe ulikuwa umemshika mkono unamshukuru, sasa angesema nini? Kesho yake aliniambia, "Lidia, umenipa sifa isiyo yangu." Nikamwambia ikae hivyo hivyo. Ikakaa.

Nilikuwa naogopa kukwambia kwa sababu kila ulipowasimulia watoto, mimi nikiwepo, uso wako ulikuwa unarudi kuwa wa siku ile. Ningekuondolea vipi?

Ya Jumapili haina kanda, kwa kuwa umeme haukuwepo. Nimebaki mimi na wewe tu.

Usimnyime mzee nafasi kwa kosa langu.

Lidia

*

Mkumbi,
8 Septemba 2024

Lidia,

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Sikuifungua. Niliiweka kwenye mkoba nikaenda nayo kwa Pankras ikiwa imefungwa vilevile, nikaiweka magotini, nikamwambia kijana weka kanda. Nilitaka kusikia Nicholaus kwanza na wewe baadaye, kila mmoja peke yake, kama wanavyofanya mahakamani. Hapo ndipo nilipokuwa nimefikia.

Kaseti inakwaruza, lakini maneno yanasikika. Nicholaus anasema: "Kuna dada hapa kaniletea usipa. Anasema mwenyewe hayupo, na hatajua. Haya, tumwimbie asiyejua." Halafu gitaa linaingia.

Pankras akaniuliza kama arudishe nyuma. Nikamwambia hapana. Nikaifungua barua yako palepale, watu wanapita na mizigo yao, gari la Kitai linaita abiria, nikaisoma hadi mwisho. Mnakubaliana wewe na yeye, isipokuwa mahali pamoja. Umeandika kwamba watu walikaa kimya, wanakutazama. Sivyo. Kwenye kanda wanashangilia. Kuna mama mmoja anapiga vigelegele hadi anakosa pumzi. Walifurahi kwa ajili yako, Lidia. Miaka yote hii umebeba aibu ya watu ambao walikuwa wanakupigia makofi.

Sasa la kwangu. Nimelia, sitakuficha, na sikumlilia Urbani. Nimelilia kikapu cha kahawa. Nilikuwa nakiona kabisa, hata namna kahawa zilivyokuwa zimeanikwa vizuri, na kahawa hizo hazijawahi kuwepo. Kisha nikakasirika. Nimemkasirikia yeye kwa kunyamaza, nimekukasirikia wewe kwa yote mawili, usipa wa kwanza na usipa wa pili. Usidhani kosa linafutwa kwa kulitendea jema siku inayofuata. Umempenda mume wangu ukala kwangu.

Lakini nikiwa kwenye gari la kurudi nilijaribu kuikumbuka Jumapili upya, bila ya kahawa. Jenereta linazimika. Watu wanaimba. Nicholaus ananyanyua kikapu, na kitenge ni cha njano, chako. Nikamtazama Urbani nikamshukuru, na ni kweli, nimekumbuka, hakunitazama mimi kwanza. Alitazama kushoto. Nilikuwa nalijua hilo siku zote na sikulitaka. Nikageuza kichwa na mimi, na wewe ulikuwa umesimama pale, unaimba kwa nguvu kuliko watu wote.

Sijui kama nakuamini katika kila kitu. Mtu aliyeniandikia habari za ukungu na akina Lidia watatu atakaa muda kabla sijamwamini tena. Labda Urbani alijua na ya Jumamosi. Labda kuna Jumamosi nyingine. Nitakuwa nawaza hivyo nikipalilia, nikianika kahawa, na utanivumilia, kwa sababu hilo umeliweka wewe mwenyewe.

Leo baada ya misa nimekwenda kwa fundi. Nimemwambia achimbue upande wa kushoto, aache nafasi. Amelalamika kwamba nabadilika badilika kama mvua ya Novemba. Nimempa ugali akala akaendelea.

Flashi ninayo mimi. Sitaifuta. Jacqueline ameniuliza kama aipige siku ya misa, watu wakishakula, nimemwambia siku ile hatuhitaji kanda. Wajukuu wanataka hadithi. Wamechanganyikiwa, hawajui tena nani aliimbwa. Mimi siwezi kuisimulia, nikifika kwenye kikapu ulimi unataja kahawa.

Kwa hiyo uje Ijumaa na Asteria, ulale hapa. Uje na mama kama miguu inamruhusu, na ulete usipa, kikapu kizima, ukifunike. Jumamosi watu wakishakula utakaa katikati ya watoto uwasimulie ile ya Jumapili, pamoja na usipa, na nani aliuleta. Ile ya Jumamosi mwachie Pankras.

Mimi nitakuwa nimekaa nyuma yako, nasikiliza kama unaongeza.

Nakusalimu,
Vitalia